Mchanga Niliotupa kwa Niaba ya Mama Waziri

Otonglo, Jumamosi alasiri

Awino mwanangu,

Jana uliniuliza mara mbili kwa nini nimebadilisha tiketi yako ya basi kutoka Jumatano hadi kesho asubuhi, na mara zote mbili nikakupa hadithi ya nafasi za bweni. Hukuniamini. Ulichukua kikombe chako ukaenda kumalizia chai nje, ukaniachia mgongo wako niutazame dirishani. Sasa umeenda sokoni Kibuye na shangazi yako kutafuta sanduku na shuka, nyumba imetulia, naweza kukujibu vizuri.

Nimeibadilisha kwa sababu kesho mchana, watu wakitoka kanisani, ukoo wa Mama Waziri unakutana Kisian kuamua kama utamkubali agombee ubunge kama binti wao, na mimi nimeitwa mbele yao kuulizwa swali moja: ni nani aliyenituma siku ile nitupe mchanga kwenye kaburi la mama yake. Nikijibu wanavyotaka wakubwa wangu wa kazi hapa kaunti, yeye amekwisha. Nikijibu ilivyokuwa, huenda nikaisha mimi. Kwanza kazini. Halafu, ukikumbuka jinsi mkutano wa siasa wa wiki jana ulivyovunjwa kwa mawe, huenda si kazini tu. Sitaki uwe hapo. Hilo ndilo jibu. Hakuna habari ya bweni.

Sitakuandikia mambo ya kuanika taulo, wala ya kufunga mlango, wala ya wavulana. Shangazi yako atayasema yote hayo mpaka basi liondoke. Nataka kukuandikia habari za Mama Waziri, kwa sababu unakwenda kusomea kazi aliyoifanya, na picha uliyo nayo ni ile ya televisheni: suti ya buluu, bendera nyuma yake, mkono ndani ya mkono wa mkubwa fulani. Mimi nilikuwa nje ya picha, upande wa kushoto, nimeshika mkoba wake.

Unajua nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu. Unajua bibi yako alikubeba ili nirudi shule, na kwamba nilimaliza, nikasoma stashahada, nikatuma maombi ya kazi kila mahali. Hujui jinsi nilivyopata ile ya Wizara ya Mambo ya Nje. Kulikuwa na wanaume wawili mezani wakinihoji. Yeye hakuwa mmoja wao. Alikuwa anapita tu kwenye ukumbi, akasimama mlangoni, akanitazama, kisha akaniuliza kwa Kijaluo:

"Mtoto anakaa na nani?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba nina mtoto. Nikasema, "Na mama yangu, Otonglo."

"Na wewe unalala?"

"Kidogo."

"Basi utaiweza," akasema, akaenda zake.

Nilipozoeana naye nilimuuliza alijuaje. Akacheka. "Ulikuwa unaangalia ile simu kama mtu aliyeacha jiko likiwaka nyumbani."

Alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya siasa. Alizaliwa huku, karibu na Kisian, nyumba yao unaiona ukisimama ufuoni. Akaolewa mbali, upande wa Kakamega, na huko kwa mumewe ndiko walikomchagua mbunge kwa muhula mmoja. Muhula wa pili walimwangusha. Mwaka uliofuata akateuliwa waziri, na watu wakasema amepewa zawadi ya kushindwa. Yeye mwenyewe alilisema kwenye mkutano wake wa kwanza na wafanyakazi: "Nasikia mimi ni zawadi. Nani ananifungua?" Ukumbi mzima ulicheka, na mkurugenzi mmoja aliyekuwa amelieneza neno hilo akaangalia viatu vyake.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alinifokea mara nyingi. Mara moja ndani ya gari, tukienda kumpokea waziri wa nchi nyingine, alirudia jina la mgeni huyo njia nzima, silabi kwa silabi, nami nikatabasamu kidogo. Akasema, "Unacheka nini? Huyu mtu mama yake ndiye aliyempa hilo jina. Tukiliharibu pale chini ya ndege, mkataba hauna maana." Kabla ya karamu za ikulu alikula ugali na mboga nyumbani kwake, ili asiwe mtu mwenye njaa mbele ya watu anaotaka wamkubalie jambo. Na kwenye mazungumzo magumu hakuwa msemaji. Aliweka kalamu chini akasubiri. Nimeona wanaume wenye nyota mabegani wakishindwa kuvumilia ule ukimya, wakaanza kujieleza wenyewe, na kujieleza kukawa kukubali.

Nilijifunza kutoka kwake kunyamaza. Nilijifunza vibaya. Nitafika huko.

Kazi yangu ilikuwa itifaki. Ukiiondolea suti, itifaki ni viti. Nani anaingia kwanza, bendera ya nani iko kulia, nani hawezi kuketi karibu na nani tangu vita vile. Na kuna sheria moja tuliyofundishwa mpaka ikaingia kwenye mifupa: kiti cha waziri hakiachwi wazi. Waziri asipofika, anakaa katibu. Katibu asipokuwepo, mkurugenzi. Na kama hakuna mtu mwingine kabisa, karani anainuka, anasema "kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri," na inahesabika kwamba Waziri amefika. Nchi haiwezi kuonekana haipo. Nilifanya hivyo kwenye mahafali, kwenye uzinduzi wa visima, mara moja kwenye harusi ya balozi. Nilikuwa hodari. Mwili wangu ulikuwa unasimama kabla sijauambia.

Ndipo mama yake akafa.

Nilitumwa nije siku chache mapema kuandaa mambo, maana mabalozi walikuwa wanakuja na wote walihitaji mahali pa kukaa. Ulikuwa darasa la nne, utakumbuka nilikuja nyumbani na viatu vyenye matope nikalala bila kula. Mama Waziri alikuwa mtoto mkubwa wa marehemu aliyebaki, kaka zake wawili walishafariki. Asubuhi ya mazishi tulikuwa jikoni kwa marehemu, yeye amefunga leso kiunoni, anawagawia chai wanawake wa boma. Simu yake ikalia. Akatoka nayo, akapita ua la mnyaa, akateremka mpaka majini. Nilimwona kwa mbali akitembea huku na huku kwenye mchanga. Aliporudi alikuwa ameshafungua leso.

"Naondoka," akaniambia. "Ndege iko Kisumu inangoja. Nitarudi kesho."

"Mama, mazishi ni leo mchana."

"Najua mazishi ni lini. Ni mama yangu."

"Wakiniuliza niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Wewe kaa tu."

Weka maneno hayo akilini, Awino, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kesho. Kaa tu. Hakuna alichoniambia zaidi ya hapo. Akaingia kwenye gari kwa mlango wa nyuma, na nikaona kwamba hakuwa amebadilisha viatu, alikuwa na zile ndala za jikoni.

Alikokwenda sitakuandikia, hata wewe. Niliapa nilipoajiriwa, na kiapo hakikuisha na kazi. Nitakuandikia tu kile ambacho kila mtu wa ufuo huu alikiona. Wiki ile kulikuwa na wavuvi wa kwetu walioshikwa ng'ambo ya ziwa, wake zao walikuwa wamelia kwenye redio mpaka sauti zikakauka. Siku mbili baada ya mazishi mashua zikawarudisha. Ikasemekana ni huruma tu ya wenzetu wa ng'ambo, hakuna aliyeomba. Mbunge wetu, huyu huyu wa sasa, akaingia majini na gambuti mpaka magotini kuwakumbatia, kamera zikiwa tayari. Wewe una akili, jumlisha mwenyewe. Mimi sijasema.

Turudi kwenye mazishi. Mchungaji alimaliza. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaita watoto wa marehemu waje waweke mchanga, mkubwa kwanza. Akamtaja kwa jina lake la kuzaliwa. Akamtaja tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mabalozi walikuwa safu ya kwanza, mimi safu ya pili pembeni, suti nyeusi, faili mapajani. Niliona pengo lile mbele ya kaburi kama nilivyoona viti vitupu vyote vya miaka ile. Nikainuka. Nilitembea mpaka kwenye lile rundo, nikachota mchanga kwa mkono wa kulia, nikasema kwa ile sauti yangu ya kazini, sauti safi kabisa: "Kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri." Nikatupa.

Mimi si mgeni wa huku, Awino. Nimezaliwa Otonglo. Nimezika babu, nimezika mjomba, najua mchanga ule ni wa nani: ni wa damu ya marehemu. Mtu mwingine yeyote wa kwetu asingefanya vile, hata mlevi. Ilihitaji mtu aliyesomeshwa vizuri.

Shangazi mmoja wa marehemu, mkongwe, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Akapiga kelele, "Wee! Wewe ni nani wa boma hii?"

Nikasema, Mungu anisamehe, "Mimi ni karani wa itifaki."

"Karani! Ametuma karani! Mama hazikwi kwa niaba, wewe mtoto! Toa! Toa huo mchanga!"

Lakini ulishaanguka. Niliutazama pale juu ya jeneza. Kulikuwa na vijana walioanza kucheka, na wanawake walioanza kulia upya kwa namna nyingine, na mjomba mmoja akanishika bega akanirudisha kwenye kiti changu kama mtu anayerudisha ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Sikulia. Nilifungua faili nikajifanya nasoma.

Alirudi jioni ya siku iliyofuata. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kujiuzulu. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, yeye ameketi kwenye kiti cha mama yake. Nilingoja anifukuze. Akauliza:

"Mchanga ulikuwa mbichi au mkavu?"

"Mkavu, Mama. Juu ulikuwa mkavu."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa anataka kulijua. Kisha akaenda peke yake kaburini, na mpaka leo hajanigusia habari hiyo tena. Waandishi walipomuuliza kama ni kweli alimtuma karani amzike mama yake, alisema, "Kilichofanywa kwa niaba yangu ni changu." Basi. Kwa maneno hayo alinifunika mimi, na akajifunga mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mtu anaamini alinituma, kwa sababu yeye hakukana, na mimi sikufungua mdomo.

Hapa ndipo nilipojifunza vibaya. Yeye alinyamaza kwa sababu kulikuwa na watu ambao wangerudishwa gerezani, au wengine ambao wasingeachiliwa siku nyingine, kama angejisifu. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa salama chini ya koti lake. Kwa nje tulifanana kabisa. Nilijiambia nina busara, nina nidhamu ya kazi, mambo ya wakubwa si yangu. Nilijisifu kwa kuwa mwangalifu. Unanijua: mimi ndiye ninayerudi kuangalia gesi mara tatu kabla ya kutoka, ninayesoma ujumbe wa simu kwa sauti kabla ya kuutuma. Ulikua ukiona hivyo, na naogopa umeirithi tabia hiyo. Nimekuona ukiandika na kufuta. Sikwambii uache. Nakwambia tu ujiulize, kila unapofuta, unamfichia nani.

Alidumu wizarani miaka mingine miwili. Siku aliyoondolewa tulikuwa uwanja wa ndege tunamsubiri mgeni. Televisheni ya pale chumbani ikatangaza baraza jipya la mawaziri, jina lake halimo. Wote tulimtazama. Akanyanyuka, akanyoosha sketi, akasema, "Mgeni hana kosa," akatoka kumpokea, akalitamka jina lake vizuri, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Halafu akaniomba nimtafutie teksi.

Mumewe alifariki mwaka uliopita. Alipotaka kusimama tena kule Kakamega, shemeji zake wakamwambia, mume ameshakwenda, rudi kwenu. Akarudi. Akanunua kipande cha ardhi nje ya boma la baba yake, kama desturi inavyotaka, maana binti aliyeolewa hajengi ndani ya ua la wazazi. Akasema anataka kiti cha ubunge cha huku. Na hapa wanaume wakamwambia, wewe ni migogo, binti aliyeozwa, mahari yako tulishaila, mambo yako yako kwa mumeo. Mwanamke aliyezungumza na nusu ya dunia hana mahali pa kuweka jina lake kwenye karatasi ya kura. Nilimsikia akilicheka hilo sokoni Otonglo, anachagua nyanya. "Nimefungulia watu wengi mipaka," akamwambia muuzaji, "sasa nimekwama mpakani kati ya mume na baba." Lakini ukimtazama mikono, ilikuwa inaminya zile nyanya.

Ukoo umegawanyika nusu kwa nusu. Wale wanaomtaka wana hoja nzuri. Wale wasiomtaka wana mchanga wangu. Mtu aliyemzika mama yake kwa karani, wanasema, atatuwakilisha vipi? Hawasemi kingine. Hawahitaji.

Alhamisi Mama Waziri alinipigia simu. Ulikuwa unaosha vyombo, uliniona nikitoka nje.

"Adhiambo, nasikia wamekuita Jumapili."

"Ndiyo, Mama."

"Usikuje. Sema unaumwa. Una msichana anaanza chuo, na hao watu ndio wanakupa kazi. Mimi nishazeeka, nikikosa hiki kiti nitafuga kuku."

"Mama, wataniuliza tu nani alinituma."

"Najua watakachouliza. Nimekwambia usikuje."

Unaona jinsi mlango ulivyofunguliwa? Nimekaa siku mbili nikiutazama huo mlango. Ningeweza kusema naumwa. Wewe ungeenda chuo Jumatano, karo ingelipwa, mkataba wangu pale ofisini ungeongezwa, na Mama Waziri mwenyewe angekuwa ameniruhusu. Usiku wa Alhamisi niliamua hivyo kabisa. Ijumaa asubuhi nikaenda kubadilisha tiketi yako, na nilipokuwa nimesimama pale dirishani kwa wakala nikagundua kwamba mtu aliyeamua kuumwa hahitaji kubadilisha tiketi. Miguu yangu ilijua kabla yangu, safari hii tena.

Nimeacha kuandika kidogo. Kuna gari limesimama langoni. Ngoja.

Nimerudi. Alikuwa Bwana Odera, mkuu wa kitengo chetu pale kaunti, yule anayemfanyia Mbunge shughuli zake za mitaani. Umeshamwona, mwenye kofia. Alikuwa na mkate mkononi. Nakuandikia tulivyosema kabla sijasahau, kwa sababu kesho nitaulizwa na huenda wakasema nilisema vingine.

"Min Awino! Mama Awino! Nimepiga hodi mpaka nikadhani umehama."

"Karibu, Bwana Odera."

"Nimekaribia, sikai. Nasikia msichana anaenda chuo! Hongera. Nimemletea mkate wa njiani. Anasomea nini?"

"Uhusiano wa kimataifa."

"Aa! Mambo ya nje!" Akacheka sana. "Hii nyumba mnapenda mambo ya nje. Sasa sikiza, kesho ni kitu kidogo tu. Wazee watauliza, utajibu, tutaenda kukula samaki."

"Nitajibu nini?"

"Si ukweli? Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kukwambia udanganye. Wewe ulikuwa karani wake ama hukuwa?"

"Nilikuwa."

"Karani hutumwa, ama hujituma?"

"Hutumwa."

"Umeona? Umemaliza. Hata kiti hakijapata joto."

Awino, ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilikuwa nimeshakubali mara mbili, kwa adabu, na jibu la tatu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikashika kitasa cha mlango.

"Siku hiyo sikutumwa," nikasema. "Aliniambia nikae. Nilisimama mwenyewe."

"Wewe Adhiambo, uliamka tu ukaamua kuzika mama ya mtu?"

"Ndiyo."

"Utachekwa kutoka Kisian mpaka Kisumu."

"Nimeshachekwa. Nimezoea."

"Na wakiuliza alikuwa ameenda wapi?"

"Hilo watamuuliza yeye. Mimi najibu la kwangu."

Hapo akaacha kucheka. Akavua kofia, akaanza kuigeuza mikononi, na akazungumza taratibu, kwa huruma hasa, na huruma ile ndiyo iliyoniogopesha kuliko kama angepiga kelele.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Nani anaweka sahihi?"

"Wewe."

"Ni mimi. Na sipendi kuona mama mzima akihangaika. Vijana pia kesho watakuwa na joto, mimi siwezi kuwashika wote. Mfikirie mtoto, Min Awino."

"Ndiye ninayemfikiria."

Akaweka mkate juu ya ngazi akaondoka bila kuaga. Bado uko pale. Sijui nifanye nini nao, kuutupa ni dhambi na kuuingiza ndani siwezi. Utaukuta, uuruke.



Nimemwambia Odera, kwa hiyo nimeshasema. Ninajua kesho patakuwa na watu wengi kuliko mmoja, na kwamba huenda nikafika pale mbele, mshereheshaji akatamka jina langu, nikakuta sauti haipo. Imeshanitokea. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa jasiri. Naweza kukuahidi kwamba nitakwenda. Shangazi yako anajua, atafunga kibanda chake Kibuye mapema aje akae karibu na mlango wa mkutano, na mume wake ataleta pikipiki ya kunitoa pale. Kuhusu karo, muhula wa kwanza umeshalipwa, haiwezi kurudishwa. Wa pili sijui. Nakuandikia hivyo hivyo, sijui, kwa sababu nimekuambia mara nyingi mno kwamba kila kitu kiko sawa, na wewe ukawa mtoto anayesikiliza mlangoni ili ajue.

Jambo moja limebaki. Huko chuo kuna watoto wengi wa huku. Mtu atakuuliza, kwa mzaha au kwa ubaya, kama wewe ni mtoto wa yule karani aliyetupa mchanga. Najua shuleni ulikuwa unasema hapana, unasema mama yako anafanya kazi hospitalini. Mwalimu wako aliniambia ulipokuwa kidato cha pili. Sikukuuliza, na sikukasirika hata kidogo. Mimi mwenyewe ningependa kuwa nafanya kazi hospitalini. Sikulaumu sasa pia. Ila ukiulizwa kesho, ukiwa bado njiani, usijibu kwanza. Jioni nitakupigia nikwambie nilichosema pale mbele, neno kwa neno. Ukishasikia, ndipo uamue kama wewe ni mtoto wangu.

Mama yako,
Adhiambo